Likizo ya mapango na mafuvu: anzia Posta kabla hujafika Olduvai

Kila ikikaribia Juni makundi ya wasap yanajaa ofa zilezile, Zanzibar siku tatu, Mikumi kwenda na kurudi, Serengeti kwa wenye mfuko. Sina ugomvi na hizo tripu hata kidogo, ila kuna likizo moja ya nguvu sana ambayo Mtanzania wa kawaida anaweza kuifanya kwa gari la familia au kwa mabasi na gesti za kawaida na karibu hakuna anayeipanga, yaani kufuata mapango, mabaki ya kale na makumbusho zetu kwa mzunguko mmoja kuanzia Dar mpaka kurudi Dar. Na wachache wanaojaribu wengi wanarudi wamepoa. Ukiwauliza wanakwambia Olduvai, kule Ngorongoro, ni korongo tu, jua kali, hakuna kitu.

Hoja yangu ni kwamba wamekosea mpangilio. Wanaenda kwanza kwenye shimo ilhali kitu kilichotoka kwenye hilo shimo kipo sehemu nyingine kabisa, mamia ya kilomita mbali, na hawajawahi kukiona. Shimo bila kitu chake ni shimo tu. Na kitu bila shimo lake ni mfupa kwenye kabati la kioo, unapita unasoma mstari mmoja unaenda zako. Kwahiyo hii likizo inatakiwa ipangwe kwa jozi, mahali palipochimbwa na mahali kilipohifadhiwa kilichochimbwa, na ukishaanza kuwaza hivo ratiba nzima inabadilika.

Tuanze na mfano mkubwa kuliko yote. Julai 17, 1959 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuwa anatembea kwenye mteremko wa Olduvai peke yake na mbwa wake, mumewe Louis amebaki kambini anaumwa mafua, akaona mfupa umechomoza kwenye udongo na meno yamekaa sawasawa kwenye taya. Lile ndo fuvu la Zinjanthropus, au Zinj kwa kifupi, kiumbe wa kale wa jamii za binadamu aliyeshatoweka, siku hizi wataalamu wanaliita Paranthropus boisei, lilikuwa limevunjika mamia ya vipande wakayaunganisha kidogo kidogo. Mwaka 1961 wakapima umri wa majivu ya volkano yaliyokuwa kwenye tabaka lile wakapata miaka milioni 1.75, na hiyo namba ilitikisa dunia mana kabla ya hapo wengi walikuwa wanadhani historia ya jamii za binadamu ni fupi zaidi ya hapo kwa mbali. Fuvu likakaa Nairobi kwa muda, 1965 likakabidhiwa Tanzania, na hadi leo liko chini ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mtaa wa Shaaban Robert, pale Posta karibu na chuo cha IFM. Watu wanapita hapo kila siku kwenda kazini na kurudi, na wengi mara ya mwisho kuingia ilikuwa darasa la tano na basi la shule.

Sasa ingia safari hii kama mtu mzima na usipite mbio. Simama kwenye Zinj angalia vitu viwili. Cha kwanza magego, ni makubwa kupita kiasi, ukilinganisha na ya kwako utashangaa. Cha pili ule mgongo wa mfupa juu ya fuvu unaotoka mbele kwenda nyuma, pale ndipo misuli ya kutafunia ilipokuwa imejishika, kwahiyo huyu kiumbe alikuwa na misuli ya taya inayopanda mpaka utosini. Kwa miaka mingi walidhani alikuwa anabangua vitu vigumu, karanga na mbegu, lakini baadae kemia ya meno yenyewe ikaonyesha kwamba chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya mafunjo. Alikuwa anatafuna kutwa nzima. Ukishalijua hilo hapa Posta, siku utakayosimama juu ya korongo la Olduvai utaanza kuuliza maji yalikuwa wapi, hayo mafunjo yaliota wapi, na muongozaji akikuonyesha kwa kidole palipokuwa na ziwa la kale utaelewa kwanini anaonyesha. Ile siku ya Posta ndio inayolipa safari nzima na wala haihitaji hela ya maana, raia tunaingia kwa shilingi kidogo sana.

Ukishatoka hapo ndo unaanza barabara. Mzunguko ninaoutetea ni Dar, Tanga, Arusha hadi Karatu, unashuka Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, halafu Morogoro na nyumbani. Karibu yote ni lami. Ni mrefu, sio wa wikiendi, mpe siku kumi hadi kumi na mbili, na kama huna hizo siku kata nusu, fanya Tanga na Arusha mwaka huu, Kondoa na Iringa mwakani. Kuliko kukimbia.

Tanga ni kama kilomita 350 kutoka Dar, na mapango ya Amboni yako jirani tu na mji, ukishika njia ya Horohoro unachepuka, hata bodaboda wanakupeleka. Yapo mapango kumi ila wageni wanaingizwa moja. Muongozaji atakuonyesha mawe yenye umbo la hiki na kile, atakusimulia mbwa aliyeingia Amboni akaja kutokea Kilimanjaro, na sehemu moja utaona ubani, marashi na vitambaa mana pale ni kwenye mzimu na watu bado wanakwenda na shida zao. Hizi simulizi zisikilize kwa heshima, ni sehemu ya mahali pale, ingawa wapimaji walioingia miaka ya 90 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Lakini usiishie hapo. Muulize kuhusu jiwe lenyewe. Lile ni jiwe la chokaa lililojengeka chini ya bahari enzi za Jurasi, miaka kama milioni 150 iliyopita, yaani unatembea ndani ya sakafu ya bahari iliyoinuka, na maji ya mvua ndiyo yaliyoila taratibu mpaka ikawa vyumba na mashimo ya kupita popo.

Na jozi ya Amboni haipo kwenye kabati lolote, ipo baharini. Bahari ya Tanga ndio wavuvi wetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kuvua samaki anaitwa silakanti kwa majarife ya kina kirefu, samaki ambaye wanasayansi walimjua kwenye mawe tu, wakadhani ametoweka pamoja na madainosaria, mpaka 1938 alipopatikana mmoja mzima huko Afrika Kusini. Mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake hapohapo Tanga. Bahari iliyojenga jiwe la Amboni ilikuwa na ndugu zake tayari, na yeye bado yuko nje pale. Hutamwona, anakaa chini sana, ila mtoto ukimsimulia hiyo habari akiwa ametoka pangoni muda huohuo anaitazama bahari kwa jicho jingine kabisa, naomba uniamini.

Arusha nitapita haraka. Makumbusho ya historia asilia kwenye boma la Wajerumani yanafaa kwa asubuhi moja, lala, kesho yake nenda Karatu, na ulale Karatu, usilale juu ya kreta kama unabana hela, gesti za Karatu ni nyingi na za bei zote. Chukua masweta. Watu wa Dar wanafika Juni na fulana wanaganda, ule ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu na asubuhi ukungu haukuachii uone hata mita ishirini. Malipo ya hifadhi yanafanyika kwa kontroli namba, fanya mapema ukiwa na bando la uhakika, na ubebe kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima mana bei ya raia na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Gari iwe ya juu. Baada ya kuacha ukingo wa kreta ile barabara ya kwenda Serengeti sio ya kupeleka gari ndogo kama Ist.

Olduvai yenyewe imebadilika sana tangu jengo jipya la makumbusho lifunguliwe 2017, na nasema kwa dhati ni kati ya makumbusho bora tulizonazo. Anza nje, kwenye kile kibanda cha maelezo kinachotazama korongo. Mbele yako kuna nguzo kubwa ya udongo mwekundu imesimama peke yake, ule wekundu ni tabaka la tatu, na chini yake matabaka mawili ya zamani zaidi mpaka kwenye mwamba mweusi wa volkano chini kabisa. Korongo limekata ardhi kama kisu kwenye keki, miaka karibu milioni mbili yote umewekewa ubavuni uisome, na ndio sababu halisi ya Olduvai kuwa Olduvai. Kiumbe kama Zinj aliishi sehemu nyingi Afrika, ila hapa volkano za jirani zilikuwa zinamwaga majivu kila baada ya muda, majivu yanafunika mifupa na zana, na majivu yanapimika umri. Mahali pengine mfupa unaoza au unabaki bila tarehe. Halafu omba kushukia chini pale lilipookotwa fuvu, kuna alama ya jiwe. Wageni wengi hawashuki mana wanawahi wanyama Serengeti. Wewe shuka. Kama ulimwona Zinj Dar, hapo ndo jozi inatimia, na ni mteremko wa kawaida tu wenye vichaka na mawe, wala hauna mbwembwe, lakini utashindwa kuondoka haraka.

Laetoli je? Hapa natofautiana na ratiba nyingi ninazoziona. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa 1978 na 1979, ni ushahidi mkubwa ajabu, viumbe walitembea kwa miguu miwili kwenye majivu mabichi ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, msururu wa mita 27 hivi, vidole, kisigino, kila kitu kinaonekana. Lakini zimefukiwa tena tangu katikati ya miaka ya 90 ili mizizi na mvua zisiziharibu, na ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Kwahiyo ukiendesha kusini kutoka Olduvai masaa ya barabara mbovu, utakuta ardhi iliyofunikwa. Nakala yake ipo kwenye makumbusho ya Olduvai, iangalie hapo kwa utulivu. Na kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha, mwaka 2016 zilitangazwa nyayo nyingine za Laetoli eneo jirani, na timu iliyozikuta iliongozwa na wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Fidelis Masao na Dk Elgidius Ichumbaki. Mtoto anayesoma hapa kwetu ayajue hayo majina kabla ya kulijua la Leakey.

Ukirudi chini mpaka Makuyuni unakata kusini kwenda Babati, na kutoka Babati kwenda Kondoa kabla hujafika mjini kuna kijiji kinaitwa Kolo. Hapa sasa ndipo ninapotaka ukae. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 2006, eneo zaidi ya kilomita za mraba 2,300, mapango na miamba yenye michoro iko zaidi ya 150, na bado basi la Arusha Dodoma linapita pale abiria wote wamelala. Kolo ndipo palipo na ofisi, unalipa, unapewa muongozaji, mnaenda na gari mpaka linapokomea halafu mnapanda kilima kwa miguu, mwinuko mkali kiasi, viatu vya kushika. Juu kule mwamba umetokeza mbele kama paa na chini yake ukuta una watu.

Watu warefu, wembamba, rangi nyekundu ya udongo, wengine wana vichwa vya mviringo vya ajabu kama wamevaa kitu au nywele zimetimka, mistari imechorwa mmojammoja kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, na tembo, na twiga, na swala. Juu yake sehemu nyingine kuna michoro meupe minene ambayo ilikuja baadae sana, ya watu wengine. Umri wa ile myekundu wataalamu bado wanabishana, mana rangi ya udongo ni ngumu kupima, na wengi wanaihusisha na wawindaji wa kale wenye unasaba na Wasandawe ambao bado wapo, mkoa uleule, wanaongea lugha yao yenye vidoko. Warangi nao wana mahali pao pa tambiko kulekule mlimani mpaka leo. Kondoa haihitaji jozi kwasababu kitu hakijawahi kuondolewa, kipo kwenye ukuta kilipochorwa, na watu wa pale hawajawahi kuondoka. Sijui sehemu nyingine Tanzania nzima unayoweza kupata hivo vyote kwa pamoja. Ndo mana naumia nikiona watu wamemwagia maji michoro ili picha itoke kali, au wameandika majina yao. Maji yanaondoka na rangi. Usiguse, usimwagie, usiwashe moto chini ya mwamba, na ukiona mwenzio anafanya hivo mkataze palepale.

Dodoma lala tu, kisha Iringa, kama kilomita 260 za lami nzuri kupitia Mtera. Isimila iko kilomita ishirini hivi nje ya Iringa mjini ukielekea Mbeya, na watu wanaijua kwa zile nguzo za udongo kwasababu ya selfi. Nguzo ni nzuri kweli, maji na upepo vimekula udongo laini vikaacha minara imesimama. Lakini kilichofanya mahali pale pajulikane ni mawe ya chini. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa sekondari kutoka Johannesburg aliyekuwa anapita alitambua kwamba yale mawe yametengenezwa, akaokota akapeleka kwa wataalamu, na 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na Clark Howell wakachimba. Mashoka ya mkono, mamia kwa mamia, umri unaokadiriwa miaka 260,000, pamoja na mifupa ya aina ya kiboko aliyetoweka.

Muombe muongozaji akuruhusu kushika moja kama lipo la kushikwa. Utaona limechongwa pande zote mbili, ncha moja imechongoka, upande wa kiganja umeachwa mnene, na ukilishika vidole vinajua vyenyewe pa kukaa. Kuna mtu alikaa pale kandokando ya maji akapiga jiwe kwa jiwe mpaka hivo. Halafu lirudishe. Kuna watu wanafikiri moja halina shida mana yapo mengi, lakini tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964 inayakataza hayo, na zaidi ya sheria, jiwe likishatoka pale lilipolala limepoteza habari zake zote, halina tofauti na jiwe la kufungia mlango. Isimila ndio sehemu pekee kwenye mzunguko huu ambapo shimo, kitu na kibanda cha makumbusho viko ndani ya mwendo wa dakika chache, kwahiyo kwa mtu mwenye watoto wadogo au mwenye siku tatu tu, mimi ningemwambia aende Iringa kwanza kuliko Olduvai. Na kurudi Dar unashuka Kitonga, unapita katikati ya Mikumi kwenye barabara kuu, tembo na twiga utawaona bila kulipa kiingilio.

Kuna jozi moja ambayo nimeiacha makusudi nje ya ratiba nayo ni Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya madainosaria, zaidi ya tani 200, na kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya vibarua wa kusini chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, mifupa ikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Miaka miwili tu baada ya Majimaji kuzimwa kwa njaa na bunduki katika eneo lilelile. Leo yule mkubwa wao, Giraffatitan, amesimama Berlin, Museum für Naturkunde, mita 13.27 kwenda juu, na Tendaguru kwenyewe barabara ni ngumu na hakuna jengo la kukupokea. Jozi imevunjwa. Ndugu zetu mlioko Ujerumani nendeni mkamwone, na mkasome vibao vyake mkijua nani alimbeba. Ila kwa familia inayotoka Dar sasaivi siwezi kuwaambia waende Tendaguru mpaka pawe na kitu pale, na mimi naona hata nakala nzuri ya mifupa pamoja na kituo kidogo Lindi mjini ingetosha kuanzia, sio lazima tusubiri mjadala wa kurudisha uishe.

Wa Kenya mna mzunguko wenu na kwa kweli mna bahati ya umbali. Makumbusho ya Nairobi yana yule kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, mifupa karibu mwili mzima, miaka milioni 1.5 na ushee, na Olorgesailie iko njia ya Magadi mwendo wa asubuhi moja, mashoka ya mawe yamelala chini yalipoachwa unapita juu yake kwenye daraja la mbao. Na mkishuka Kilifi kuna Panga ya Saidi, walipomkuta mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, habari yake ikatoka 2021. Amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na namna kichwa kilivyoinama watafiti wanasema kilikuwa kimewekewa kitu cha kuegemea. Hilo ndo kaburi la zamani kuliko yote ya watu kama sisi lililowahi kupatikana Afrika.

Kuhusu muda, kwepa masika, Machi mpaka Mei Amboni panateleza na kupanda Kolo ni shida. Juni shule zimefungwa, na Juni na Julai hali ya hewa ni nzuri. Usiweke maeneo mawili siku moja kama una watoto, asubuhi eneo, mchana wapumzike, jioni waulizwe waliona nini na wachore. Na hela ambayo ungeongezea hoteli kubwa iweke kwa muongozaji, mpe muda wake, mlipe vizuri, uliza maswali ya kweli. Kolo hasa, piga simu ofisini siku moja kabla useme mnakuja wangapi na saa ngapi, mana bila muongozaji hampandi, na ukifika saa tisa alasiri jua limeshageuka na muda wa kupanda na kushuka hautoshi.